Sheria ya Paa

Uwanja wa kwanza wa Ligi ya Ijumaa ulinuka kuku. Ulikuwa nyuma ya kichinjio nje kidogo ya Riyadh, na mchezaji aliyeteleza akikimbilia kituo cha pili aliinuka na manyoya yamemganda mgongoni. Uwanja wa pili ulikuwa bondeni, pakavu na pazuri kwa macho, mpaka Idi Kubwa ilipopita na watu wakaja kumwaga ngozi na matumbo ya kondoo pale pale anaposimama mrushaji. Wanaume wazima walisimama na magongo mikononi wakitazama nzi. Mfilipino mmoja alitapikia glavu yake, na siku hizo glavu zilikuwa chache.

Uwanja wa tatu aliutafuta Dalmas. Ulikuwa kiwanja kitupu mtaani Al-Suwaidi, udongo umeshindiliwa vizuri, nyumba za ghorofa upande wa kushoto na ukuta wa ghala upande wa kulia. Wote walimpongeza. Timu zilikuwa nne: mbili za Wafilipino wa hospitalini, moja ya Wapakistani wa ghalani, na moja ya Wakenya, madereva na walinzi, ambao wengi wao walikuwa hawajashika gongo maishani. Dalmas alikuwa ameshika. Alijifunza besiboli shuleni kule Migori, kutoka kwa mwalimu wa Kijapani aliyekuja kujitolea, na kwa miaka miwili hakukuwa na mtu Riyadh aliyepiga mpira mbali kama yeye.

Kumbe hakuutafuta kwa ajili ya besiboli. Nyumba ya tatu kutoka kona, yenye tangi la maji la kijani juu, ndimo alimofanya kazi dada yake Roseline. Roseline alikuja Riyadh miezi minane baada ya kaka yake, na mwezi wa pili tu madam akamnyang'anya simu. Tangu hapo kimya. Mama yao kule Awendo alikuwa anapiga simu kila Jumapili kuuliza kama mtoto wake yuko hai, na Dalmas alikuwa anamdanganya kwamba yuko sawa, ameongea naye jana. Alichukia sauti yake mwenyewe kila alipokata ile simu. Mwishowe, kwa kuulizia madereva wenzake mmoja baada ya mwingine, aliipata nyumba, na siku alipokwenda kuitazama kwa mbali aliona mtu juu ya paa anaanika shuka. Kila Ijumaa asubuhi, wakati wenye nyumba wamelala, Roseline alikuwa anapanda kuanika nguo.

Hakuthubutu kumwita. Mwanamume mgeni anayepaza sauti kwenye nyumba ya watu anajitafutia polisi, na msichana ndiye atakayelipia ndani. Lakini mpira wa besiboli ukiruka ovyo ukaangukia paani, hiyo ni bahati mbaya ya mchezo.

Shida ilikuwa mipira yenyewe. Ligi nzima ilikuwa na mipira kumi na mmoja, na Ijumaa ya kwanza ilipotea miwili. Wakatunga sheria ya uwanja ule, ikaitwa sheria ya paa: anayepiga mpira ukapanda juu ya nyumba, ametoka, hana hoja. Basi Dalmas akawa anatoka. Yeye ndiye aliyetunza mfuko wa mipira, kwa hiyo zamu yake ikikaribia alikuwa anatoa mpira mmoja ambao ameuandikia swali kwa kalamu ya wino mzito, anampa mwamuzi, anasimama, anauzungusha mwili wote kushoto, na mpira unapaa mpaka kwenye zile shuka. Baada ya muda ulirudi ukidunda vumbini. Wapakistani walishangilia kwamba walau siku hizi mipira inarudi. Dalmas aliuokota, akauweka mfukoni mwa suruali, akaenda kuusomea nyuma ya gari.

Wa kwanza ulisema: *Dala ni wewe? Usimwambie mama.* Wa pili: *Wananifungia. Ijumaa tu ndio napanda.* Wa tatu ulisema madam alimchoma mkono kwa pasi, na huo Dalmas aliusugua kwa mate na pindo la shati mpaka maandishi yakafutika, kwa sababu hakutaka mtu mwingine auguse. Alikaa nyuma ya gari, akasikia wenzake wanacheka uwanjani, na kicheko chao kikamuudhi kuliko kitu chochote.

"Wewe siku hizi unatuangusha, buda," Reuben alimwambia. Reuben alikuwa mlinzi wa benki na ndiye mrushaji wa timu ya Wakenya. "Mtu mwenye mkono kama wako, kila Ijumaa auti, kila Ijumaa paani. Umeoga maji ya nani?"

"Jua linanipiga machoni," Dalmas alisema, na Reuben akamtazama akatikisa kichwa.

Dalmas alikwenda ubalozini kushtaki. Karani wa dirishani alimsikiliza vizuri tu, halafu akamwambia kinachotakiwa: jina la kafili, yule mwajiri aliyemdhamini, au namba ya ikama, kile kitambulisho chake cha kuishi huku. Nyumba yenye tangi la kijani si jina la mtu. Ijumaa iliyofuata Dalmas aliandika kwenye mpira: *Tafuta ikama yako. Niandikie namba.* Jibu lilikuja: *Iko kwa droo ya madam. Nipe wiki mbili.*

Wiki mbili. Hapo ndipo mwenyekiti alipoitisha mkutano.

Mwenyekiti wa ligi alikuwa Wesley, na kama kuna mtu Dalmas alipenda kumkwepa, ni huyo. Alikuwa mzuri wa Kiarabu, mzuri wa nguo, na mzuri wa kukumbatia watu. Siku sita za wiki aliifanyia kazi ofisi moja ya kuleta wasichana wa kazi za ndani. Alikuwa anakwenda Kenya, anazunguka vijijini na gari la kukodi, anakaa sebuleni kwa watu na kula kuku wao. Kuku wa mama yake Dalmas alimla pia. Ndiye aliyesema Roseline atalea mtoto mmoja tu. Dalmas alipomuuliza mara ya kwanza msichana yuko wapi, alijibiwa kwamba kazi ya Wesley iliishia uwanja wa ndege, kutoka hapo ni mambo ya ofisi, na asiwe na wasiwasi, Mungu yupo.

Mkutano ulifanyika baada ya mechi, wamekaa juu ya ndoo na kreti za soda. Wesley alisimama na karatasi.

"Wajumbe, tumetoka mbali," alisema. "Tumecheza kwa manyoya ya kuku. Tumecheza kwa matumbo ya kondoo. Hapa nako majirani wanalalamika mipira inaingia kwa nyumba zao, na si siri nani anaipeleka huko." Watu wakacheka, wakamgeukia Dalmas. "Sasa ofisi yetu imetutafutia uwanja wa kisasa. Nyasi bandia. Uzio. Maji baridi. Jina la ofisi litakuwa kwa jezi na kwa uzio, basi. Hata wenzetu wa Jeddah, wale wanaocheza kwa maegesho ya magari kule Bani Malik, watakuja kututembelea. Tunahamia Ijumaa ijayo. Anayepinga?"

Dalmas aliinua mkono. Mkono wake peke yake.

"Chairman, ngojeni kidogo. Wiki mbili tu."

"Za nini?"

Alitafuta uongo akaukosa. Kwa muda mrefu alikuwa amedanganya mama, amedanganya timu, amelisingizia jua lenyewe, na siku alipouhitaji uongo mmoja wa maana haukuja. Akasema ukweli. Akawaambia nyumba ile pale, yenye tangi la kijani, ina dada yake ndani. Akawaambia kuhusu simu, kuhusu pasi, kuhusu mipira, kuhusu namba aliyokuwa anaisubiri. Alipomaliza alidhani watamwonea huruma.

Alitazama uso baada ya uso. Mmoja alikuwa anasubiri Wesley amletee mke. Mwingine Wesley alimsemea kwa bosi akapata likizo. Mwingine hakudaiwa chochote na hakuogopa chochote, ila alikuwa anawaza nyasi bandia, na hilo lilionekana wazi usoni mwake. Reuben aliinama kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa tayari. Hawa ndio watu wa nyumbani, Dalmas aliwaza, hawa ndio tunaopigiana simu za krismasi. Alitamani kutema mate, na mate hakuwa nayo.

Wesley ndiye aliyeinuka. Alimkumbatia. Alinuka marashi ya udi.

"Ndugu yangu, ungesema mapema! Sisi si wanyama. Tutacheza hapa Ijumaa moja zaidi, tuuage uwanja vizuri. Dada yetu atakuandikia hiyo namba, na mimi mwenyewe nitasukuma huko ofisini. Yalla, tupige kura."

Wote wakainua mikono, wepesi kabisa sasa kwa kuwa mwenyekiti ameinua wake. Dalmas alimshika Wesley mkono kwa mikono yote miwili akamwambia asante. Mpaka leo akikumbuka ile asante anataka kuosha kinywa.

Ijumaa ilipofika jua lilikuwa kali mapema. Walicheza na Wafilipino. Shuka zilikuwa zimeanikwa paani, na nyuma yake kulikuwa na mtu anayetembea, kwa hiyo moyo wa Dalmas ukatulia. Zamu yake ilipofika alitoa mpira aliouandikia *Umepata?*, akampa mwamuzi. Mfilipino akarusha. Dalmas aliupiga vizuri kuliko mwaka mzima, ukapaa juu ya ukuta, ukatua nyuma ya shuka.

"Auti!" wakapiga kelele wote, hata wa upande wake, kwa utani.

Hakutoka. Alisimama pale pale akingoja. Ilipita dakika moja, ikapita nyingine. Mwishowe mkono ulionekana juu ya ukuta wa paa, ukarusha mpira vibaya, kwa woga, ukaangukia nje ya mstari. Roseline alikuwa akirusha vizuri, alikulia na kaka zake. Dalmas alikwenda akauokota, na safari hii hakwenda nyuma ya gari. Aliusoma pale pale, akiuzungusha polepole kwa sababu maandishi yalikuwa madogo na yalizunguka mpira wote.

*Mimi Peris nimeletwa Jumanne. Roseline wamempeleka Jeddah Jumatano kwa nyumba ingine. Tulikaa siku moja akaniambia ngoja mpira. Namba ya ikama yake ni hii.* Zikafuata tarakimu kumi.

Aliusoma mara mbili. Jumamosi iliyopita, siku moja tu baada ya mkutano, Wesley alisema anasafiri kikazi. Jumatatu alirudi. Jumanne msichana mpya. Jumatano Jeddah. Hakuhitaji mtu amfafanulie. Ile Ijumaa moja zaidi haikuwa zawadi, ilikuwa nafasi ya kumaliza kazi bila makelele, na yeye ndiye aliyemwonyesha Wesley nyumba kwa kidole.

Wesley alikuwa anakuja kutoka kwenye kivuli, anapiga makofi taratibu.

"Pole, champion. Haya, leta mpira, tumalizie mchezo."

"Peris ni nani?"

"Nani?"

"Huyo wa juu. Umemtoa wapi?"

Wesley aliangalia paani, halafu akaangalia ule mpira, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Hicho ndicho kilichomkera Dalmas kuliko yote, kwamba haukubadilika.

"Rongo," alisema. "Msichana mzuri. Familia nzuri sana, walinipokea vizuri. Dalmas, sikiliza, dada yako amepata nyumba bora kule Jeddah, mimi ndio nimesukuma. Kuna watu hawajui kushukuru. Leta huo mpira, ni mali ya ligi."

Dalmas alitoa simu, akapiga picha mpira pande zote, akamtumia Gilbert, binamu yake aliyekuwa dereva kule Bani Malik, Jeddah, aanze kumuulizia Roseline. Picha zilipofika aliuingiza mpira mfukoni, akageuka. Hakumpiga Wesley. Alimtazama tu, yale marashi, kile kiatu cheupe, ule mdomo uliokula kuku Awendo na sasa umekula kuku Rongo, akasikia kichefuchefu cha kweli, cha tumboni, kama siku ile ya matumbo ya kondoo.

"Unanuka," alimwambia.

"Mafi besiboli, hakuna mchezo tena!" Wesley aliwageukia wengine, akaangusha mikono. "Halas! Uwanja huu tumemaliza. Fungasheni."

Wafilipino walikusanya vitu vyao, na mrushaji wao akaondoka na glavu kwapani. Wakenya wakaanza kupakia ndoo na kreti kwenye gari, wakizungumza juu ya nyasi bandia kwa sauti ya chini, wakipita mbali na Dalmas. Jumapili asubuhi, ubalozi ukifunguliwa, angekuwa dirishani kwa karani na ile namba. Hilo alilijua. Lakini alipoinua macho, Peris alikuwa bado amesimama kwenye ukuta wa paa, uso nusu, anangoja. Hakuwa na kaka Riyadh. Labda hakuwa hata na mtu wa kumdanganyia mama yake kwamba yuko sawa.

Dalmas alifungua mfuko, akatoa mpira mwingine, akachuchumaa, akaandika: *Namba yako pia. Jina la kafili. Nitakuja kila Ijumaa.* Akauinua, akatazama huku na huku. Peke yake angeweza kuurusha hewani akaupiga, lakini ghorofa zilikuwa tatu na ukuta ulikuwa mrefu; alihitaji mpira unaokuja kwa kasi.

Nyuma yake alisikia kreti inawekwa chini. Reuben alikuja polepole, hana glavu, akanyoosha mkono apewe mpira. Alisoma maandishi. Hakusema lolote kuhusu mkutano, wala kuhusu kamba za viatu.

"Chair ataninyima jezi," alisema.

Dalmas aliokota gongo.

"Unautaka wapi? Juu au chini?"

"Juu."

Reuben akarudi nyuma hatua ishirini, akasimama pale mrushaji anaposimama. Dalmas hakumshukuru. Alishika gongo, akauelekeza mwili kushoto, akangoja.