Msumari wa Safina

Ferho hakuwa mwongo, na anayemwita hivyo hajawahi kunywa chai yake. Alikuwa mtu wa kutia chumvi tu. Na chumvi haina ubaya. Mchuzi huharibiwa na kile kijiko cha mwisho.

Miaka thelathini alibandika vigae kwenye nyumba za watu mjini Hannover, mpaka magoti yakagoma. Alipostaafu, mchungaji Ulrike alimpa chumba cha chini ya kanisa kila Ijumaa alasiri, awafundishe Injili vijana wa Kikurdi kwa lugha ya kwao. Ferho mwenyewe alibatizwa akiwa na miaka hamsini. Kitabu alikisoma peke yake, kapiga magoti kwenye sakafu za Wajerumani, akingoja gundi ikauke.

Vijana walifuata chai, wakanaswa na hadithi. Kinywani mwa Ferho, Petro alikuwa mtu wa Zakho, mji wa Wakurdi, maana ni mtu wa Zakho tu awezaye kushuka chomboni katikati ya ziwa kabla hajauliza kina. Wale elfu tano waliolishwa mikate walibakiza vikapu kumi na viwili kwa kuwa palikuwa na akina mama wa Kikurdi, na hao hata mgeni akilia hawakubali kwamba ameshiba. Na safina ya Nuhu? Ilitua kwao, juu ya Mlima Cudi, nyuma ya kijiji cha bibi yake. Bibi alikuwa na msumari mmoja wa safina hiyo, mrefu kama mkono, akiutundikia kiriba cha kusukasukia maziwa.

"Haukushika kutu hata siku moja," Ferho alisema. "Na mwongo akiugusa, unamng'ata."

"Nawe uliugusa, Ami?" aliuliza Berivan, binti wa saluni mwenye ulimi wa wembe.

"Niliugusa."

"Ukakung'ata?"

"Kidole hakinyooki mpaka leo!" Akawaonyesha kidole kilichopondwa na mashine ya kukatia vigae. Chumba kikaangua kicheko. Dilovan peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika kwenye daftari.

Dilovan alikuwa na miaka ishirini, kijana wa Zakho, mpole mpaka unamwonea huruma. Alibatizwa siku ya Pasaka. Habari zilipofika kwao, kaka yake mkubwa alimtumia ujumbe wa sauti: "Ukirudi, usifike nyumbani. Ukifika, nitafanya linalonipasa." Basi kwa Dilovan vibali vya kuishi havikuwa karatasi. Vilikuwa shingo yake. Ofisi ya wahamiaji ilimwita kumhoji kama Ukristo wake ni wa kweli, au ni wa kupatia vibali.

Baada ya wiki tatu ikaja bahasha ya njano. Dilovan aliileta Ijumaa, hakuvua hata koti. Berivan ndiye aliyejua Kijerumani cha wakubwa, akasoma, akasita, akasoma tena.

"Wanasema... uliulizwa safina ilitua wapi. Ukasema Cudi."

"Ndiyo. Si Cudi?"

"Wanasema hivyo ndivyo wanavyosimulia Waislamu. Kwamba Ukristo umeukariri juu juu, moyoni hujatoka msikitini. Wamekukatalia."

Chai ikapoa mikononi mwa watu.

"Maswali yalikuwa mangapi, mwanangu?" Ferho aliuliza kwa sauti ndogo.

"Arobaini na kitu. Hilo nililifurahia kuliko yote, Ami. Nikajua hili sibabaiki. Nikawaambia mpaka habari za msumari."

Ferho alijua vizuri kwamba Kitabu kinasema Ararati. Alikuwa ameupita mstari ule mara ishirini. Lakini kwao, tangu mtoto anyonye, safina ni Cudi. Hata Wakristo wa zamani wa milima ile, majirani wa bibi yake, walisema Cudi.

Rufaa ilisikilizwa Novemba, siku ya mvua nyembamba isiyokoma. Nje ya mlango wa mahakama mchungaji Ulrike alimshika Ferho bega. "Sema ukweli, Ferho. Kwa ufupi. Nakuomba, kwa ufupi!"

Na kweli alianza vizuri. Jaji alikuwa mama mwenye mafua, akinyonya pipi ya kifua. Ferho alimwambia kosa ni lake, kijana hana hatia. Kwamba Dilovan hajakosa Ijumaa hata moja, anasali, anaosha vikombe bila kuombwa. Akamweleza habari za Wakristo wa zamani wa Cudi. Jaji akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Ulrike akapumua.

"Na huu msumari anaoutaja kijana," jaji akasema huku akifunua karatasi, "ni hadithi tu, sivyo?"

Neno moja lilitosha. Lakini Ferho aligeuka, akakutana na macho ya Dilovan. Kijana alikuwa anamtazama bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyeketi garini na anamjua dereva.

"Niliushika," Ferho akasema. "Kwa mkono huu."

Jaji akaweka kalamu chini. Hakuiinua tena. Ijumaa zote, sala na vikombe, vikazama pamoja na ule msumari.

Dilovan walimpandisha ndege ya kumrudisha kwao Februari, asubuhi.

Ijumaa ya baadaye Ferho hakusimulia. Alivaa miwani, akasoma Kitabu kama kilivyo, neno kwa neno, mpaka safina ikakaa Ararati.

"Na chumvi, Ami?" Berivan akauliza, bila utani.

"Imekwisha."

Hapo simu yake ikalia. Ujumbe wa sauti. Vijana wakasogea.

"Ami, hujambo? Nimejificha kwa fundi viatu hapa Zakho, nyumbani sikufika. Dirishani naiona Cudi, ina theluji. Nimempata mtu wa kunivusha mpaka, maana Cudi iko ng'ambo. Watu wanasema kumezikwa mabomu, lakini yeye anaijua njia. Niambie tu nyumba ya bibi ilikuwa upande gani. Wameandika kwamba mimi mwongo, Ami. Silali. Nataka niushike huo msumari, nijijue."

Ferho alibonyeza simu, akaisogeza karibu na mdomo.

"Dilovan, mwanangu. Usiende. Hakuna msumari. Kidole kilipondwa na mashine, Hannover hapa hapa. Bibi hakuwa na kitu ila ukuta na kiriba. Mwongo ni mimi. Umenisikia? Ni mimi."

Wakangoja. Berivan akamimina chai ambayo hakuna aliyeigusa. Birika lilikuwa limeshapoa kabisa jibu lilipoingia, na safari hii halikuwa sauti, ni maandishi. Ferho alimpa Berivan amsomee, kwa kuwa miwani ilikuwa imejaa ukungu.

Berivan alisoma kimya kwanza. Kisha kwa sauti:

"Siendi, Ami. Basi wale watu wa ofisi walisema kweli. Yote niliyoyaamini yalikuwa yako."