Fundo la Mpakiaji

"Hayupo."

Askari wa kaunta alilitamka neno hilo huku akichokonoa meno, utadhani ameulizwa habari za mbuzi wa jirani. Hayupo! Na mtu mwenyewe yupo ukuta mmoja tu nyuma ya kiti chake! Mshonaji alitoka kituoni kwa hasira, akazunguka hadi lango la nyuma na bakuli lake la chakula.

Mumewe alikuwa mpakiaji wa malori sokoni. Wapakiaji, kila mmoja ana fundo lake. Ukitazama turubai lilivyofungwa unajua ni mkono wa nani. Serikali ilipotaka kubomoa soko, mumewe alisimama mkutanoni akasema halivunjwi bila amri ya mahakama, na jioni ile ile polisi wakamchukua. Kosa lake nini? Hata kukiri kwamba wanaye hawakukiri. Lakini mlinzi wa lango la nyuma, mtu mzima mwenye kikohozi kisichoisha, alikuwa akipokea chakula kimya kimya. Bakuli lilirudi tupu, limefungwa kitambaa kwa fundo la mumewe, lile la kuzunguka mara mbili na kuficha ncha chini. Mshonaji alikuwa akilala na kitambaa hicho kifuani. Mcheke, kama hamjawahi kupenda.

"Mama mdogo, tutaiomba mahakama iwaamuru wamlete," alisema binti wa dada yake, wakili mpya asiye hata na ofisi. "Wakishamleta, waseme kosa lake au wamwachie. Ila tuonyeshe kwanza kwamba wanaye."

"Ninacho kitambaa."

"Kionyeshe. Lakini mlinzi usimtaje, nakuomba. Yule ndiye mlango wetu."

Mshonaji aliapa kwamba hatamtaja.

Mahakamani, wakili wa serikali alikishika kitambaa kwa vidole viwili, kama nepi. "Mheshimiwa, huyu mama ni mshonaji. Kufunga na kufungua ndiyo kazi yake. Nani asiyejua fundo hili amelifunga mwenyewe nyumbani?"

Watu wakacheka. Lo, kile kicheko! Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na sasa anaitwa mwongo mbele ya umma. Ulimi ukamtoroka.

"Muulizeni mlinzi wa lango la nyuma! Yule mwenye kikohozi! Yeye ndiye anayempa chakula!"

Binti alifumba macho. Hasira hasara, wahenga walishasema, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa anachomeka? Wakili wa serikali hakubisha tena. Aliandika neno moja, akaketi.

Jaji aligonga meza: polisi wana mtu huyo, wamlete mahakamani kesho asubuhi, akiwa hai. Mshonaji alimkumbatia binti ukumbini akilia na kucheka. Binti hakucheka.

"Tumeshinda, mwanangu! Mbona umenuna?"

"Twende tuwape amri, mama mdogo. Twende sasa hivi."

Walimkabidhi mkuu wa kituo nakala ya amri, naye akaipigia mhuri kwa heshima zote. Mshonaji akaenda nyuma na bakuli. Langoni palikuwa na kijana mgeni, buti zinang'aa, hakohoi.

"Yule mzee yuko wapi?"

"Amehamishwa." Akapokea bakuli kwa mikono miwili, akasema ahsante mama.

Walingoja ukutani mpaka jua likapoa. Bakuli likarudi tupu, kitambaa kimefungwa. Mshonaji alilipapasa fundo, akalipapasa tena, akatafuta ncha iliyofichwa chini. Hapakuwa na ncha chini. Lilikuwa fundo la kawaida, la mtu yeyote anayefunga kamba za viatu.

"Mama mdogo, amri ni amri," binti alisema. "Kesho lazima wamlete."

 Mshonaji alikimbia hadi kaunta, bakuli mkononi, akauliza kama alivyouliza kila siku. Safari hii askari hakuchokonoa meno. Aliinamisha macho mezani.

"Hayupo," alisema, na kwa mara ya kwanza mshonaji alimwamini.