Nimebakiza Zipu Tu

Watu wanadhani aliyejiajiri ni mtu huru. Huru wapi! Mimi ni fundi cherehani mwaka wa kumi na nne huu, sijalala hata siku moja bila kuwaza mteja. Ila kazi naipenda, sidanganyi. Kaka yangu ni karani wa ghala, kazi yake anaichukia kufa, na haachi.

Mama alipopangiwa upasuaji wa tumbo, Alhamisi saa nne asubuhi, aliomba kitu kimoja tu: mmoja wetu awepo, amshike mkono kabla hajaingizwa. Kaka akaomba ruhusa. Bosi akakataa katakata.

"Nenda wewe, dada," akanipigia. "Wewe unajipa ruhusa mwenyewe. Raha iliyoje!"

"Raha gani? Njoo ushone wewe basi!" Lakini nikakubali.

Alhamisi saa mbili bibi harusi akaja kuchukua gauni. Harusi kesho yake. Akalivaa, zipu ikagoma mgongoni. Jamani! Kanenepa ndani ya wiki mbili tu! Akaanza kulia, mama yake akaanza kunifokea. Ningefunga duka nikaondoka, nani angerudi kwangu tena? Na niseme kweli, nilitaka kuliona gauni lile limemkaa. Nikafumua ubavu wa kulia, nikafumua na wa kushoto.

Saa tatu na nusu Mama akapiga simu. "Uko wapi, mwanangu?"

"Nakuja, Mama. Nimebakiza zipu tu."

Mafundi wote tunaisema hiyo. Mteja akiisikia anajua arudi keshokutwa. Mama aliiamini.

Nilifika saa tano na robo. Nesi akaniuliza kama mimi ndiye fundi. Akasema Mama aliwaomba wasubiri, mara mbili: "Mwanangu kabakiza zipu tu." Wakasubiri robo saa, kisha daktari akasema haiwezekani tena. Wakamwingiza peke yake. Hakuamka.

Msibani kaka alimlaani bosi wake mpaka sauti ikamkauka, na watu wakamlaani pamoja naye. Mimi nilikaa ukutani. Nilitafuta wa kumlaani, nikamkosa. Hapo simu ikalia. Bibi harusi katuma picha, anacheka, gauni limemkaa sawasawa. Nami, Mungu anisamehe, niliikuza ile picha ili nione mshono wa ubavuni.