Stadi ya Wiki

Mwalimu alikuwa amechora mstatili ubaoni, akaugawa vyumba vinne, na sasa alikuwa anapaka chaki vyumba vitatu. Mkono wake ulikuwa mweupe hadi kwenye kiwiko.

"Hizi ni robo tatu. Haya niambieni, nusu ngapi zinaingia humu ndani?"

Kidato cha tatu kikaanza kubahatisha. Mmoja akasema moja, mwingine akasema mbili, wa tatu akasema inategemea, darasa likacheka. Msichana wa dawati la nyuma akasimama. Wenzake walimwita Polepole, na hakuwahi kukasirika, maana hata kukasirika kwenyewe kungemchukua muda.

"Nusu moja inaingia nzima," alisema, akiutazama ubao. "Inabaki robo. Na robo ni nusu ya nusu. Kwa hiyo ni moja... na nusu."

"Ehee!"

"Madamu, kwa hiyo ile geuza juu chini halafu zidisha, maana yake ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Mimi tangu shule ya msingi nageuza tu. Sikujua nageuza nini."

Darasa zima likaangua kicheko, cha watu waliokamatwa kwa kosa moja. Mwalimu naye alikuwa anacheka alipomwona mwalimu wa taaluma amesimama dirishani, uso umesawijika. Alinyoosha kidole ubaoni, kisha akafanya ishara ya kufuta.

Mwalimu alitoka nje.

"Mratibu alikuwa aje kesho," mwalimu wa taaluma alinong'ona. "Amekuja leo. Yuko shule ya jirani, akitoka huko anakuja kwetu. Mkuu anakuita. Futa hayo mambo kwanza."

Mratibu alikuwa mtu wa kutoka ofisi ya elimu, na kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha kila shule inafundisha hisabati kwa kufuata chati ya stadi. Chati ilibandikwa kila darasa. Iliorodhesha yale yanayopimwa kwenye mtihani mpya wa utayari wa kwenda chuo, ule ambao wanafunzi waliuita Mchujo, na kila wiki ilikuwa na stadi yake. Maswali ya Mchujo yalikuwa ya kuchagua, na kila swali lilipewa dakika moja. Shule itakayobaki chini ya mstari wa ufaulu ingenyang'anywa mchepuo wa sayansi.

Mkuu wa shule alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, anameza kidonge cha presha bila maji.

"Mwalimu, sehemu ni stadi ya darasa la sita."

"Najua, Mkuu. Ila hawaijui."

"Walishaisoma."

"Walipitishwa tu, hawakuisoma. Nikiwapa mlinganyo, wakikutana na nusu wanaruka kama wamekanyaga nyoka. Nipe wiki mbili tu niwatengeneze, halafu nitaikimbiza hiyo chati mpaka niipite."

"Wiki mbili sina. Wiki hii ni milinganyo ya kipeo cha pili, shule zote. Mratibu akifungua mlango anataka kukuta hiyo. Wenzetu wa kule mtoni si umesikia yaliyowakuta?"

Alikuwa amesikia. Mchepuo ulifungwa katikati ya mwaka. Wenye uwezo waliwahamisha watoto wao. Watoto wa wengine walirudi nyumbani na sare zao.

Mkuu alishusha sauti. "Sasa nisikilize, dada yangu."

Mwalimu alikaza moyo. Mkuu akifika kwenye dada yangu, ujue kuna jambo.

"Wale wazito wako sita, wasiingie kwenye kipindi hiki. Wapeleke bwaloni wakapange viti vya kikao cha wazazi. Mratibu akishaondoka watarudi."

"Wazito gani?"

"Unawajua. Hata yule binti wa dobi wa hospitali, anayeganda kwenye swali moja mpaka kengele inamkuta."

"Yule dobi ni shangazi yake, Mkuu, anamlea. Na si mzito. Jaribio lililopita alichofanya chote alipata. Anafikiri tu."

"Basi afikirie bwaloni." Mkuu alikaa, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Unadhani mimi napenda? Nina watoto wa sayansi madarasa manne. Nikiwapoteza wote kwa ajili ya sita, nitamwambia nani?"

Nje lilisikika gari linaingia langoni.

Alirudi darasani, akafuta mstatili. Akataja majina sita. Walisimama mmoja mmoja, wakitazamana. Polepole alikuwa wa mwisho.

"Madamu, tumekosa nini?"

"Hamna kosa. Nendeni mkapange viti bwaloni, nitawaita."

"Na kipindi?"

"Nimesema nitawaita."

Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. Binti alikusanya daftari lake na kalamu, akatoka bila kugeuka. Waliobaki waliuelewa mchezo. Hakuna aliyecheka.

Mratibu aliingia pamoja na Mkuu. Alikuwa kijana bado, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama, na sauti yake ilikuwa ya upole. Aliitikia shikamoo za wanafunzi, akakaa nyuma kabisa na kuweka kishikwambi chake juu ya dawati tupu la Polepole.

"Endelea tu, Mwalimu. Mimi sipo."

Mwalimu aliandika swali kutoka kwenye kijitabu cha mazoezi: mbili x kipeo cha pili, toa tano x, jumlisha mbili, sawa na sifuri. Chini yake majibu manne. Akafundisha kama kijitabu kinavyotaka. Usianze kutafuta. Tazama majibu. Chukua namba nyepesi, iweke mahali pa x, ikikubali, weka alama, songa mbele.

"Nani ameona?"

Mvulana wa dawati la mbele, ambaye wenzake walimwita Kompyuta, alikuwa amenyoosha mkono kabla swali halijaisha.

"C."

"Kwa nini C?"

"Nimejaribu mbili, imekubali. Na ni C peke yake yenye mbili."

"Hiyo namba nyingine ya kwenye C ni nini?"

"Nusu."

"Nayo inakubali?"

Kompyuta alitazama ubao, akamtazama Mratibu. "Sijaigusa, Madamu. Si lazima."

Mratibu alitabasamu na kubonyeza kishikwambi. "Vizuri sana, kijana. Muda ndio mali."

Walikwenda hivyo, swali kwa swali, herufi kwa herufi, na Mkuu akaanza kupumua. Mara mlango ukagongwa.

Ni Polepole, na wenzake watano nyuma yake, sketi na suruali zimejaa vumbi.

"Madamu, viti tumemaliza. Tuingie?"

Mkuu aliinuka nusu. "Nyinyi nendeni..."

"Hawa ni wa darasa hili?" Mratibu aliuliza.

"Hapana, hawa ni..." Mkuu alimtazama mwalimu, macho yanamwomba.

Neno moja tu lingetosha: hapana. Watoto wangerudi walikotoka, na kila kitu kingebaki kilivyo.

"Ni wanafunzi wangu," alisema. "Ingieni mkae."

Waliingia. Mratibu hakukasirika. Aliinuka kumpisha Polepole dawati lake, kisha kama aliyekumbuka jambo akasema, "Kwa kuwa umefika, binti, njoo utufanyie hili linalofuata." Akasoma mwenyewe kijitabu, akaona swali la kwanza ubaoni halijafutwa. "Au hili hili. Hukuwepo, si ndiyo?"

Polepole alichukua chaki. Alilitazama swali kitambo. Hakuyatazama majibu. Aliandika mabano mawili matupu, akasita, akaandika mbili x kwenye la kwanza na x kwenye la pili. Akafuta alama moja kwa kidole, akairudisha. Mratibu alitazama saa ya mkononi.

"Dakika imeisha, binti. Asante."

Polepole alishusha mkono.

"Mwache amalize," mwalimu alisema.

"Mwalimu, kwenye chumba cha mtihani hakuna..."

"Hapa ni darasani, Bwana Mratibu. Naomba amalize."

Chaki ilisikika ikikwaruza. Binti aliyafunga mabano. Akapata nusu, akapata mbili. Kisha, bila kuambiwa, akairudisha nusu kwenye swali: nusu kwa nusu ni robo, mara mbili ni nusu, toa mbili na nusu, jumlisha mbili. Akaandika sifuri, akaipigia mstari chini.

"Zote mbili zinakubali," alisema, akaweka chaki mahali pake.

Nyuma ya darasa mmoja alipiga kofi moja, likafia hewani. Mratibu alikwisha bonyeza kishikwambi chake. Alishukuru, akawatakia wanafunzi maandalizi mema, akatoka.

Mwalimu alimfuata mpaka kwenye gari. Mkuu alibaki mlangoni pa ofisi, mikono kiunoni.

"Mwalimu, nikwambie kitu," Mratibu alisema kabla hajaulizwa. "Unafundisha vizuri. Mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa hesabu, naona. Lakini hapa sijaletwa kupima kufundisha. Nimeletwa kupima kama mnalingana na chati, na wewe hulingani. Nikiandika vingine nitakuwa nimedanganya."

"Yule binti amekosea?"

"Hajakosea. Amechelewa."

"Anataka kusomea maabara. Pale kwenye maabara utapenda awahi, au apate jibu?"

Mratibu alifungua mlango wa gari, lakini hakuingia.

"Una mtoto anayesoma?" mwalimu aliuliza.

"Ninaye. Binti."

"Shuleni kwao wako wiki ya ngapi kwenye chati?"

Mratibu aliupapasa ufunguo. "Yuko shule ya kulipia," alisema mwishowe. "Wao hawana chati."

"Wanasoma nini?"

"Wanasoma hesabu, Mwalimu." Akaingia garini, akafunga mlango taratibu.

Majibu yalikuja kabla ya juma kuisha, na Mkuu aliyasema akiwa anatazama dirishani. Mchepuo umeponea chupuchupu, umepewa muhula mmoja wa kuangaliwa. Lakini kuna masharti. Wale wasiomaliza maswali kwa wakati watatolewa kwenye hisabati ya chuo na kupelekwa kundi la hisabati ya kawaida, lisilofanya Mchujo. Na kidato cha tatu kitapewa mwalimu mwingine.

"Na mimi?"

"Utachukua kidato cha kwanza. Nimekupigania, dada yangu. Walitaka uhamishwe kabisa."

"Polepole yumo kwenye kundi hilo?"

Mkuu hakugeuka. "Yumo."

Alimkuta bombani, ananawa mikono. Alimweleza mwenyewe, hakutaka asikie kwa wengine. Binti alisikiliza mpaka mwisho, maji yakiendelea kutoka.

"Kwa hiyo maabara ndiyo basi?"

"Kwa njia hii, ndiyo. Nitaulizia njia nyingine."

"Shangazi nimwambie nimefeli?"

"Usimwambie hivyo. Hukufeli."

"Sasa nimwambie nini, Madamu?"

Binti akafunga bomba, akajifuta mikono kwenye sketi, akamuaga kwa heshima kama siku zote.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alisimamisha mashine alipoona mkewe amekaa na viatu miguuni, akamsikiliza akisimulia yote.

"Mama watoto, si ungesema tu hapana, siyo wa darasa hili?"

"Ningesema."

"Kwani neno moja ni nini?"

"Ningelisema, watoto wote sita wangelisikia pale mlangoni."

Mumewe alimtazama, akatikisa kichwa, lakini akainuka mwenyewe kwenda kubandika maji ya chai.

Jumatatu aliingia kidato cha kwanza. Kilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, wengine sare bado inawapwaya, wamebanana watatu watatu. Chati ilikuwa ukutani, mpya, inang'aa. Stadi ya wiki ilikuwa kusoma majira ya nukta, yaani mahali ilipo kwenye grafu. Ukuta wa pili ulikuwa mbao nyembamba, na kwa upande huo, kilipokuwa kidato cha tatu, sauti nyingi zilisikika zikijibu kwa pamoja: B! D! A!

Alifuta ubao, akaandika hasi mbili mara hasi tatu.

"Nani anajua jibu?"

Mikono msitu mzima. "Chanya sita!"

"Nani anajua kwa nini?"

Mikono ikashuka yote. Watoto walitazamana. Mmoja wa mbele, mdogo kuliko wenzake, miguu haifiki sakafuni, akanyoosha kidole.

"Madamu, samahani. Hii itatoka kwenye Mchujo?"

Nje barazani zilisikika hatua za mwalimu wa taaluma zikija upande wao, zikipita dirisha kwa dirisha. Mwalimu alikwenda mlangoni, akauvuta ukafungwa.

"Haitoki," alisema. "Fungueni madaftari."