Glavu ya Rula

Sajenti wa gadi ya heshima tulimwita Rula, na si kwa sababu alinyooka. Tumbo lake lilitangulia kufika kila alikokwenda. Tulimwita hivyo kwa kuwa alipima kila kitu: kidevu kutoka kifuani, nafasi kati ya viatu, mstari wa pasi kwenye suruali. Utu tu ndio hakuupima. Labda hajawahi kukutana nao.

Mimi ndiye niliyewafulia glavu. Jozi thelathini na sita kila wiki, mwanangu mgongoni, daftari la masomo ya jioni juu ya meza ya pasi. Mume wangu alisimama mstari wa mbele, si kwa kupenda. Alisomea ufundi wa magari, na kwa miezi minane barua yake ya kuomba kuhamia karakana ilikuwa imelala kwenye droo ya Rula. Kosa lake lilikuwa kimo. Alilingana barabara na mwenzake wa kulia, kijana tuliyemwita Pacha, na Rula hakutaka kuvunja jozi, kama vile watu ni vikombe vya kabatini.

"Gwaride la Jumamosi likipita bila doa, nitatia sahihi," alimwambia. "Likiharibika, utazeekea hapa."

Ijumaa akakagua suruali. "Goti likilegea, mstari unavunjika. Kazeni magoti!"

Hata mimi mfua glavu nilijua huo ni upumbavu. Askari mpya hufundishwa na wakongwe jambo hilo kabla ya jingine lolote: lainisha goti kidogo, damu ipande kichwani. Ukilikaza juani utaanguka kama gogo. Lakini nani amwambie bwana mkubwa anayekagua gwaride kivulini?

Jumamosi mgeni rasmi alichelewa saa moja na nusu. Sisi wake zao tulikaa nyuma ya kamba.

"Shoga," jirani yangu akaninong'oneza, "mbona yule anayumba?"

Pacha alikwenda chini mzima mzima, kidevu kikatangulia kwenye sakafu ya uwanja. Sheria ya Rula ni kwamba anayeanguka hatazamwi. Na kweli, mgeni akiwa hatua kumi tu kutoka pale, hakuna aliyepepesa jicho. Damu ikaanza kutambaa.

Mungu anisamehe, mimi niliiwaza barua. Usitikisike, baba, nikaomba kimoyomoyo. Usitikisike.

Akatikisika. Mume wangu aliweka bunduki chini, akapiga magoti, akamgeuza mwenzake na kumkandamiza kidevu kwa kiganja chenye glavu. Nikaona haya kwa ile dua yangu.

Mgeni alipoondoka, Rula alikuja mbio, kama tumbo linavyoruhusu. Pacha alikuwa ameshabebwa kwenda kushonwa. Rula hakumuulizia.

"Glavu!" akafoka. "Mbele ya mgeni! Unajua wewe ni mchafu?"

"Ndiyo, afande."

"Hufai kuonekana na watu! Jumatatu nenda karakana, ukalale chini ya malori na wachafu wenzako!" Akamburura hadi ofisini, akaichomoa ile barua drooni na kuitia sahihi kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Mume wangu hakusogeza hata unyusi. Miaka mitatu ya kufundishwa kusimama kama mlingoti, na siku hiyo ndiyo ilimfaa kwa mara ya kwanza.

Pacha alishonwa nyuzi sita. Kidevu chenye kovu hakikumpendeza Rula, basi jozi nzima ikahamia karakana.

Mimi Rula alinirushia ile glavu yenye damu. "Nawe, Jumatatu iwe nyeupe!"

Sikuisugua. Niliitia wanga mzito, nikaipiga pasi hadi vidole vyote vitano vikasimama vyenyewe, damu ikiwa palepale. Jumatatu asubuhi, mwanangu akiguguna ncha ya kanga yangu, nikaisimamisha katikati ya meza ya Rula.

"Nini hii?"

"Imenyooka, afande," nikamwambia. "Pima."