Mstari wa Saba

"Juu. Kulia. Chini. Chini. Kushoto."

Baba ameegemea ukuta, kafunika jicho lake la kulia kwa mwiko wa wali. Mimi nimesimama hatua tano mbele yake, kijiti cha kulia chakula mkononi, nagusa duara moja baada ya jingine kwenye karatasi niliyoibandika mlangoni. Kila duara lina pengo upande mmoja, na yeye anataja pengo liko wapi. Hakosei hata moja. Na hakuna hata moja analoliona.

Ilikuwa Januari, Osaka, nami nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama alikuwa amekwenda kuoga kwenye bafu la mtaa. Akienda huko hakurudi kabla ya dakika arobaini, maana umbea wa wanawake wa pale haukuruhusu kuoga haraka haraka. Hizo dakika arobaini ndizo zilizokuwa zetu.

Baba yangu, Iwao Kuramoto, alikuwa mchezaji wa besiboli wa kulipwa. Kazi yake ilikuwa kushika rungu na kuupiga mpira unaomjia kwa kasi ya gari moshi. Jina la timu silitaji. Ilishavunjwa zamani, na marehemu hasemwi vibaya. Septemba iliyotangulia, mpira ulimgonga chini ya jicho la kushoto. Mimi na mama tulikuwa dukani kwa Mama Hamanaka, jirani yetu aliyeuza okonomiyaki, zile chapati nene za kabichi zinazokaangwa kwenye bati la moto, tukila na kusikiliza redio. Nilisikia mlio, kama mtu kavunja ubao kwa goti, kisha uwanja mzima ukanyamaza. Mama aliweka vijiti vyake chini, akavipanga sawasawa, akasimama.

Wiki tatu alilazwa. Mfupa uliunga, uvimbe ukashuka, akarudi nyumbani akasema jicho limepona. Mama alimwamini. Desemba aligundua ana mimba, baada ya miaka kumi na moja ya kungoja, na mtu mwenye furaha mpya hapendi kuchokonoa mambo.

Mimi sikuwa na mimba ya kuniziba macho. Desemba hiyo, asubuhi moja, Baba alishika birika akamimina chai kando ya kikombe. Siyo kidogo. Alimimina juu ya meza, kwa utulivu wote, akiamini anajaza kikombe. Nilikisukuma kikombe mpaka kikaingia chini ya maji. Aliinua uso akanitazama, mama akiwa jikoni amegeuka mgongo.

Jioni alinichukua tukatembea mpaka kando ya mfereji. Aliniambia jicho la kushoto linaona ukungu tu. Vivuli anaviona, umbo halioni, na umbali ndiyo kabisa.

"Usimwambie mama yako," alisema.

"Kwa nini?"

"Ataniambia niache. Na akiniambia, nitaacha." Alipiga kijiwe kwa kiatu, akakikosa. "Sijui kazi nyingine, Chizu. Nilishika rungu nikiwa mdogo kuliko wewe."

Mwishoni mwa Januari wachezaji wote walipimwa afya kabla ya kwenda kambini. Akishindwa kipimo cha macho, ndiyo kwaheri. Na hapo ndipo binti yake alipofaa. Darasani kwetu mimi nilikuwa kwenye kamati ya afya. Nilifagia chumba cha nesi, niliandika urefu na uzito wa wenzangu, na ubao wa macho uliokuwa ukutani ulikuwa sawasawa na ule wa zahanati ya timu. Niliunakili wote, duara kwa duara.

Nesi wa timu hakuwa na mpangilio, aliruka na fimbo yake huku na huku. Kwa jicho lile bovu Baba aliweza kuona kivuli cha fimbo kimesimama wapi. Duara lenyewe ndilo hakuliona. Kwa hiyo ilibidi aujue ubao kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani. Alitaka tufanye mazoezi kama kule kule: jicho la kulia kwanza, ndivyo wanavyoanza kila mahali, asome ubao mzima kwa jicho zima. Kisha mwiko uhame, na jicho la kushoto lianze kusema uongo.

Alifaulu. Siku ile alirudi na keki za maharage matamu, akanipa mbili kwa siri, akanifinya sikio. Nilizila zote mbili nikijiona shujaa. Ndicho chakula cha mwisho ninachokumbuka kukila kwa raha mwaka ule.

Aprili ligi ilianza, na woga ukaanza nayo.

Lazima mjue, mpigaji wa kawaida akirushiwa mpira wa karibu na mwili hurudi nyuma. Mwili wenyewe hukataa. Waliowahi kugongwa usoni ndiyo zaidi; wengine huanza kuruka hata kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji. Baba yangu hakuruka. Mipira ilipita chini ya kidevu chake naye amesimama kama nguzo ya umeme. Mtangazaji alilia kwa furaha redioni. Kuramoto hapepesi! Jamaa aligongwa mfupa ukavunjika, na tazama, haogopi! Dukani kwa Mama Hamanaka wanaume waligonga miiko yao kwenye bati la moto, wakaninunulia soda kwa kuwa mtoto wa mwanamume wa kweli.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Yule hakuwa na ujasiri wowote wa ajabu. Hakurudi nyuma kwa sababu hakujua kama kuna kitu kinakuja. Nami ndiye niliyempeleka pale, kwa penseli na rula.

Nililala na woga huo, nikaamka nao. Baba alipofunga mkoba wake asubuhi nilianza kuhesabu saa, na sikuacha mpaka niliposikia viatu vyake mlangoni. Chakula kilinishinda. Niliuficha wali kwenye kitambaa, nikawapa njiwa. Mama alidhani naona wivu kwa ajili ya mtoto anayekuja. Mama Hamanaka naye alinitania kila nilipopita mlangoni kwake, kwamba siku upepo ukinibeba mpaka Kobe nisije nikasema sikuonywa.

Siku moja alikuwa akimsema mumewe aliyeficha jipu mpaka akapelekwa hospitali kwa machela. Alikuwa akikatakata kabichi huku anacheka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. Hakuwa na habari. Alishtuka kuona nimetoka mbio na sahani nimeiacha.

Jumapili moja ya Juni tulikwenda uwanjani, mimi na mama, tumbo lake la miezi saba limemtangulia. Jua lilikuwa kali. Upande wa pili kulikuwa na mrushaji kijana, mwenye mkono wa kasi na asiyejua vizuri mpira wake unakwenda wapi. Baba aliingia, akasawazisha udongo kwa kiatu, akainua rungu.

Mpira wa pili ulikuja moja kwa moja kichwani.

Nilimwona mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, akiinuka. Niliona watu wa mbele yetu wakijikunyata, watu walio mbali, wenye nyavu mbele yao. Baba peke yake hakujikunyata. Mpira uligusa ukingo wa kofia yake ngumu, ikazunguka kichwani kidogo, ukapita. Aliinua mkono taratibu akaigusa kofia, kama mtu aliyehisi nzi. Hapo ndipo alipojua.

Uwanja ulilipuka. Watu waliimba jina lake. Mama alikuwa analia na kucheka pamoja, kanishika bega. "Umemwona baba yako? Hata kope hakupepesa."

Mimi nilikuwa nimejikojolea, mtoto mkubwa wa darasa la sita. Nilifunga sweta kiunoni. Sikuweza kufungua mdomo, maana nilijua nikiufungua nitasema yote, na nikisema yote mama ataanguka pale pale na tumbo lake.

Julai timu ilitangaza wachezaji watapimwa tena, safari hii kwenye zahanati mpya. Baba alipita kuchungulia, akakuta ubao si ule wa zamani. Ulikuwa na ukingo wa kijani.

"Shuleni kwenu mnao?" aliniuliza.

Tulikuwa nao, tangu Aprili.

Nilikaa chumba cha nesi mchana baada ya masomo, na karatasi, rula na bikari. Mistari sita niliichora kwa uaminifu. Mstari wa saba ndio uliokuwa mlango: ukiupita umefaulu, ukiukosa umeshindwa. Ulikuwa na maduara matano, na mapengo yake yalikuwa kulia, juu, kushoto, juu, kulia. Nilitazama muda mrefu. Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri sana, nikapima mema na mabaya. Sikufikiri. Niliogopa tu, na woga ukachora: juu, juu, kushoto, chini, kulia.

Jioni sita nilimfundisha uongo ule. Nilipogusa mstari wa saba, naye akausema vizuri, nilimsifu, "Barabara, Baba," naye akatabasamu chini ya mwiko wake. Katika maisha yangu nimefanya mabaya mengine. Hakuna linaloniamsha kama tabasamu lile.

Siku ya kipimo aliondoka asubuhi. Aliporudi, saa tisa mchana, alivua viatu akavigeuza vitazame mlango, kama siku zote. Alimwita mama waketi mezani. Mimi nilibaki nyuma ya mlango wa karatasi, nimeuma kidole.

Alimwambia jicho limekufa tangu Septemba, na kwamba alidanganya, na leo wamemgundua. Mama aliinuka akamsogelea. Kisha alianza kumpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, pole pole, mara nyingi. "Baba Chizuru, ulitaka nimzae mwanao nikiwa mjane?" Naye aliacha apigwe. Alipoulizwa alifauluje Januari, alijibu kwamba alikariri. Nani alimsaidia, hakusema.

Sanae, mdogo wangu, alizaliwa Agosti, na sauti kubwa ajabu. Baba alipata kazi ya kutunza uwanja wa shule moja ya sekondari, akaifanya miaka thelathini. Nisipake asali: mwaka wa kwanza alikaa nyumbani kama mpangaji. Redio aliifunika kitambaa. Kukiwa na mechi mtaani aligeukia njia nyingine. Nikimtazama, nilijisemea kwamba haya ni matunda ya bikari yangu, na kwamba bado yu hai, na sikujua nifurahie lipi.

Woga nao haukuondoka, ulihamia tu nyumba nyingine. Sasa niliogopa siku atakapojua. Nilichoma ile karatasi. Nilipita mbali na maduka ya miwani nikiwa naye. Mama alifariki bila kujua, na katika mazishi yake, Mungu anisamehe, niliwaza kwamba aliyebaki wa kuogopa ni mmoja.

Miaka thelathini na tisa baadaye jicho lake zima lilianza kuingia mtoto wa jicho, nami ndiye niliyempeleka hospitali. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, mgongo umepinda, kofia ya uwanjani bado kichwani. Nesi, msichana mchangamfu, alimkalisha, akampa kile kijiko cheusi cha kufunikia.

"Tunaanza na la kulia, Mzee. Kama kawaida."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, mkoba wake mapajani. Kama kawaida. Jicho la kulia kwanza.

Siku ile ya Julai walianza na la kulia. Aliusoma ubao wa ukingo wa kijani kwa jicho zima, ukiwa mbele yake, na mstari wa saba haukuwa ule niliomfundisha. Mtu aliyekariri kama yeye hangeweza kutoiona tofauti hiyo. Alikuwa na nafasi ya kuushika ule wa kweli, matano tu, kulia, juu, kushoto, juu, kulia, kabla kijiko hakijahama. Kisha kikahama, naye akasema ule wa kwangu.

"Sasa la kushoto," alisema nesi.

Baba alifunika jicho la kulia. Fimbo ilikuwa bado mezani.

"Juu," alisema. "Juu. Kushoto. Chini. Kulia."

Nesi alicheka. "Jamani, Mzee, hata sijaonyesha."

Tulipotoka nilimshika mkono upande wa kushoto, upande asioona, ndivyo tulivyozoea. Tulitembea mpaka mwisho wa korido. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilimuuliza kwa nini aliusema.

Alikuwa akitafuta kidude cha lifti kwa kidole, akakikosa, nikamwelekeza.

"Ulikuwa umeacha kula," alisema.

Lifti ilikuja, ikajaa watu, tukasubiri nyingine. Akaniuliza kama binti wa Mama Hamanaka anafungua duka mchana siku hizi. Nilimwambia anafungua. Tulikwenda, tukaagiza mbili za kabichi na nguruwe, zikaiva mbele yetu kwenye bati. Nilimaliza yangu, na alipobakiza robo, nikamaliza na yake.