Tundu la Pini la Auleria

Caren alilalia kitanda cha Auleria, akafunga aproni ya Auleria, na kila alipopanda ngazi za paa aliziruka kandambili za Auleria, ambazo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzitupa.

Auleria wa Mbarara ndiye aliyefanya kazi za ndani katika nyumba hii kabla yake, hapa pembeni mwa Dubai, jangwa linapoanza. Mwaka juzi, kwenye picha ya galaksi ya Andromeda aliyoipiga Sir Shakir, mwajiri wao, kwa darubini yake, kilionekana kidoa cheupe kisichokuwapo. Auleria akasema ni nyota mpya, akaitoboa picha kwa pini mahali penyewe. Sir akasema ni mkwaruzo. Kwamba Auleria amepangusa kioo cha kamera kwa kitambaa cha jikoni. Kioo kikabadilishwa, kidoa kikatoweka, na Auleria akakatiwa tikiti ya kurudi kwao. Khalas, basi. Alikana mpaka uwanja wa ndege. Alikana hata kwa simu aliyompigia Caren, mrithi wake, akiwa wodini, wiki aliyofariki: "Caren dada, mimi sikukigusa."

Jioni hii ya Desemba, Isha imeshaswaliwa, Sir alipiga picha ya kwanza, akainamia kompyuta.

"Caren. Umepangusa kioo?"

Kidoa kile kilikuwa kimerudi, ukingoni mwa galaksi, kidogo kama punje ya wimbi. Caren aliliona tayari sanduku lake likiwa mlangoni. Huko ngazini kandambili zikalia mara moja, pa, kisha kimya. Hakugeuka.

"Sijakigusa, Sir. Isogeze darubini kidogo, upige nyingine. Mkwaruzo utabaki palepale kwenye picha. Nyota itahama pamoja na nyingine."

Sir akamuuliza nani kamfundisha. Caren akasema ni Auleria, kwa simu, aliyekuwa akimsikiliza Sir akiwaeleza wageni huku akiwamiminia gahawa.

Sir akaisogeza. Nyota zote zikahama, na kidoa kikahama nazo.

Akaenda kabatini, akarudi na ile picha ya zamani, akaiegemeza kwenye skrini, akaipangilia nyota kwa nyota. Mwanga mdogo wa kidoa ukapenya tundu la pini, ukatua kidevuni pake.

Akasema polepole, kama anayejisomea, kwamba kuna nyota kuukuu zinazolipuka, zikang'aa siku chache, zikafifia. Na baadhi hurudia. Siku ile alipobadilisha kioo, nyota ilikuwa imeshafifia yenyewe.

"Nipe namba yake," akasema. "Nimrudishe kazini."

"Walimzika Machi, Sir."

Sir alikaa na mwanga ule kidevuni, hakuufuta. Halafu akawaandikia watazamaji nyota wa nchi nyingine waelekeze darubini zao pale wahakikishe, na penye jina la aliyeiona kwanza akaandika Auleria.

Caren aliposhuka hakuziruka kandambili. Aliinama aziokote. Sakafu ilikuwa ya baridi. Zenyewe zilikuwa na joto, kama zimevuliwa sasa hivi. Akazirudisha juu, akazipanga pamoja kando ya darubini, na mlango wa paa akauacha wazi.